Jumatatu Itakuwaje?

Masomo: 1 Samweli 16:1–13, Yohana 21:1–19



Mwezi huu tumeona vema tuseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine watashangaa kulikuta katika gazeti la kanisa, yaani sinema. Tena si sinema ya maisha ya Bwana wetu, wala ya watakatifu wake, bali ni mchezo wa kuchekesha wa vijana wa sekondari wa huko Marekani. Tunawaomba msilitupe gazeti kando. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa habari za mpanzi, na za mwanamke aliyepoteza shilingi yake, na za kijana aliyetapanya mali ya baba yake. Nasi tukiokota funzo barabarani, haifai kuliacha kwa sababu tu halikuangukia mlangoni pa kanisa.

Huko Marekani wanayo desturi ya kurudisha katika majumba ya sinema filamu za zamani zilizopendwa, ili wale waliozitazama ujanani wazitazame tena, na mara nyingi huja na watoto wao. Mojawapo ni filamu iitwayo The Breakfast Club, maana yake Chama cha Kifungua Kinywa. Mwenye kuitunga na kuiongoza ni John Hughes, nayo ilitolewa mwezi wa Februari 1985. Ilipotimiza miaka 30, mwezi wa Machi 2015, ilirudishwa kwa siku chache katika majumba ya sinema ya nchi hiyo. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hughes hakuyaona hayo, maana alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 59.

Kwanza tuseme wazi kwa wazazi. Filamu hii ina matusi mengi, na vijana waliomo wanaonekana wakivuta bangi. Hata kwao Marekani, kijana aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuitazama sinemani pasipo mzazi au mtu mzima. Basi hatusemi habari zake ili mwapeleke watoto wenu kuitazama. Twazisema kwa sababu ndani yake mna swali moja ambalo kanisa letu linapaswa kulijibu, na sisi watu wazima ndio wa kwanza.

Hadithi yenyewe ni fupi. Siku ya Jumamosi, saa moja asubuhi, wanafunzi watano wanaletwa shuleni kutumikia adhabu. Watafungiwa katika maktaba mpaka saa kumi jioni, chini ya mwalimu mkali anayesimamia nidhamu. Hawaruhusiwi kuzungumza, wala kulala, wala kuondoka vitini. Kila mmoja ameamriwa kuandika insha isiyopungua maneno 1,000, akieleza anafikiri yeye ni nani.

Yuko Claire, binti wa kitajiri anayependwa na wote. Yuko Andrew, bingwa wa mieleka. Yuko Brian, mwenye akili za darasani. Yuko Bender, mhuni anayeogopwa. Na yuko Allison, binti mkimya ambaye wenzake humwona kuwa amerukwa na akili. Wanasoma shule moja, lakini si marafiki. Kila mmoja amekwisha kubandikwa jina lake, na jina hilo limemfunika kama blanketi hata uso hauonekani.

Kabla hawajaingia mlangoni, tumekwisha kuonyeshwa makwao. Claire analetwa na baba yake katika gari zuri. Mama yake Brian anamhimiza atafute njia ya kusoma hata humo kifungoni. Baba yake Andrew anamwonya asije akapoteza nafasi ya kusomeshwa kwa sababu ya mchezo wake. Gari lililomleta Allison linaondoka kabla hajapata kusema neno. Na Bender anakuja peke yake kwa miguu. Ndugu zetu, tusipite upesi hapo. Mara nyingi tunamhukumu kijana kwa namna alivyoingia mlangoni, wala hatuulizi ametoka mlango gani.

Inafika saa ya chakula cha mchana. Claire anafungua chakula cha fahari cha Kijapani, samaki wabichi waliopangwa vizuri. Andrew anatoa vyakula tele, mkate juu ya mkate. Brian ana supu, na mkate ambao mama yake ameukata kingo zote. Allison anaitupa nyama iliyokuwa katika mkate wake, anaweka sukari badala yake. Bender hana kitu. Wenzake wanatafuna, naye anageuza vyakula vyao kuwa mzaha, kwa maana mzaha ndicho chakula pekee alichokuja nacho.

Tulipofikiri habari ya meza ile, tulikumbuka waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 11. Mtume Paulo aliwakemea Wakristo wa Korintho kwa sababu walikutanika kwa Chakula cha Bwana, lakini kila mtu alitangulia kula chake. Huyu amelewa na yule ana njaa. Walikuwa katika chumba kimoja, wakiitwa kwa jina la Bwana mmoja, na bado kila mmoja alikuwa na mfuko wake. Tusiwacheke Wakorintho, wala tusiwacheke vijana wale watano.

Mchana unapoendelea, ndimi zinaanza kulegea. Wanaketi sakafuni pamoja, na blanketi zinafunuka moja baada ya nyingine. Bender ana kovu mkononi, alama ya moto wa sigara aliochomwa na baba yake mzazi. Andrew alimtesa na kumwaibisha mwanafunzi mnyonge ili baba yake amwone kuwa ni mwanamume, na sasa analia akifikiri jinsi yule kijana alivyomweleza baba yake mambo aliyotendwa. Allison hakufanya kosa lolote. Amekuja kifungoni kwa hiari yake, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine bora la kufanya. Mtoto anayeona ni afadhali kifungo kuliko nyumba yake! Je, hatunao wa namna hiyo, wanaochelewa kurudi nyumbani kila siku, nasi tunasema tu kwamba wana tabia mbaya?

Lakini lililotugusa zaidi ni la Brian. Huyu hajapata kushindwa somo hata siku moja. Akachukua somo la ufundi akidhani ni rahisi, akapewa kazi ya kutengeneza taa yenye umbo la tembo. Ukivuta mkonga, taa iwake. Taa yake haikuwaka. Akapata sifuri. Na kwa ajili ya taa hiyo, mtoto yule aliweka bastola katika kabati lake la shuleni, akiwa na mawazo ya kujiua. Wenzake wanapotambua kuwa ilikuwa bastola ya fataki, ile ya kutoa ishara ya hatari, nayo ililipukia humo kabatini, wanaangua kicheko, naye Brian anacheka pamoja nao. Waliomo sinemani nao hucheka. Lakini kicheko hicho kina kaburi chini yake.

Ndugu zetu, sisi tunayajua mambo haya. Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, katika nyumba moja huchinjwa kuku, na katika nyumba ya pili mtoto hujifungia chumbani. Sisi wazazi twasema, "Nimeuza ng'ombe kwa ajili yako," wala hatujui neno hilo limeangukia wapi. Tunawasihi: ukimsikia kijana akisema kwamba ni heri afe, usicheke, wala usimkemee, wala usianze kumhubiri. Kaa naye. Mwulize, na umsikilize mpaka amalize. Usimwache peke yake. Mwite kasisi, mwite mwalimu anayempenda, mpeleke kwa daktari. Mtoto aliyeshindwa mtihani ni mtoto yule yule aliyebatizwa mbele yetu sote, na siku ile tuliahidi kumlea. Hatukuahidi kumlea akifaulu tu.

Basi, wakiwa wameketi pale sakafuni, Brian ndiye anayeuliza swali ambalo sisi tumelifanya kuwa kichwa cha habari hii. Anauliza, sasa kwa kuwa tumekuwa marafiki, siku ya Jumatatu itakuwaje? Tutakapokutana tena shuleni, kila mtu akiwa na kundi lake, je, tutasalimiana?

Kimya kinaingia. Ndipo Claire anajibu kwamba hadhani hivyo. Wote wanamkasirikia, na mwishowe analia. Lakini sisi tumeona kwamba Claire hakuwa mbaya kuliko wengine. Alisema kweli tu. Aliijua nguvu ya Jumatatu. Aliwajua rafiki zake, na jinsi watakavyomcheka wakimwona amesimama na Brian. Wengine walikasirika kwa sababu alilitamka lile ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni.

Na filamu inaishia pale pale, Jumamosi jioni. Wazazi wanakuja na magari, kila mmoja anachukuliwa upande wake, na Bender anavuka uwanja wa mpira akiwa peke yake kama alivyokuja. Jumatatu haionyeshwi. Watu wameitazama tangu mwaka 1985, wameirudia sinemani na nyumbani, na hata leo hakuna aliyepata kuiona Jumatatu ile.

Wapendwa, sisi ndio Jumatatu ile.

Kila Jumapili tunafanya zaidi ya walivyofanya vijana wale. Tunaungama dhambi zetu kwa sauti moja. Tunapeana amani. Tunapiga magoti kandokando mbele ya altare, mkubwa wa ofisi pamoja na tarishi wake, mwenye nyumba pamoja na mpangaji, na wote twanywa katika kikombe kimoja. Hakuna mahali pengine mjini ambapo watu hawa watakunywa katika kikombe kimoja. Kisha tunatoka. Na kesho yake?

Kesho yake mama aliyepewa mkono wa amani na mwuza mchicha anapita sokoni asimtazame, au anambishia bei kwa maneno makali kana kwamba hajapata kumwona. Kesho yake msichana wa kazi, aliyeimba pamoja nasi zaburi, anakula jikoni peke yake baada ya wote kushiba. Kijana aliyetoka gerezani, ambaye Jumapili tulimwambia "karibu nyumbani", akiomba kazi Jumatatu anaambiwa hapana nafasi. Na binti aliyepata mimba akiwa shuleni, ambaye Mungu amemsamehe, bado kwetu anaitwa "yule binti". Jina lake la ubatizo limesahauliwa, na jina tulilombandika sisi ndilo limebaki.

Yuko na mtu mwingine katika filamu ile ambaye ni rahisi kumsahau. Ni mfagiaji wa shule, jina lake Carl. Vijana wanamfanyia mzaha kwa sababu ya ufagio wake. Anawajibu kwa upole kwamba yeye huona na kusikia mambo mengi ya shule ile kuliko wanavyodhani. Na mtu mwenye macho makali ataona, mwanzoni kabisa mwa filamu, picha ya Carl ikiwa ukutani: zamani alikuwa mwanafunzi wa hapo hapo, tena mwenye kuheshimiwa. Je, sisi tunamjua yule anayefagia kanisa letu kila Jumamosi? Tunalijua jina la mkewe? Tulimtembelea alipougua?

Hata hivyo, si kila jambo katika filamu ile ni la kusifiwa, na hapa ndipo tunapoona faida ya kutazama tena. Karibu na mwisho, Claire anamchukua Allison, anampamba uso, anazirudisha nyuma nywele zilizomfunika, anamfunga utepe. Andrew alikuwa amekwisha kumsikiliza kwa wema, lakini sasa anamtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Watu hufurahi wanapofika hapo. Sisi tulihuzunika kidogo. Siku nzima tumefundishwa kwamba mtu si sura yake, na dakika za mwisho binti yule anapendwa baada ya sura yake kubadilishwa!

Lakini na tusiwe wepesi wa kulaumu, maana Samweli mwenyewe, mtu wa Mungu, alipofika nyumbani kwa Yese alimtazama Eliabu, akaona urefu wake na umbo lake, akadhani huyo ndiye. Ilimbidi Bwana amfundishe nabii wake kwamba macho ya wanadamu huishia nje, bali Yeye hutazama moyo. Na aliyechaguliwa hakuwamo hata chumbani. Alikuwa malishoni pamoja na kondoo, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kumwita.

Molly Ringwald, aliyeigiza kama Claire, aliandika katika gazeti moja la New York mwaka 2018 kwamba alikuwa ameitazama filamu hii tena pamoja na binti yake aliyekuwa na miaka 10. Alipokuwa ameketi karibu na mtoto wake, mambo aliyoyaigiza ujanani yalimsumbua, hasa namna Bender anavyomwonea na kumdhalilisha yule msichana, na jinsi jambo hilo lilivyofanywa kuwa la kuchekesha. Hakuitupa kazi yake, wala hakukana mema yaliyomo. Aliitazama tena, akaona asiyoyaona kwanza, akasema.

Hiyo, wapendwa, ni sehemu kubwa ya toba. Wengi wetu tunadhani kutubu ni kulia tu. Kutubu ni kurudi na kulitazama tena jambo tulilolipita tukicheka. Wako wazee kati yetu ambao wakiyakumbuka majina ya utani waliyowapa wenzao shuleni, bado wanacheka. Na wako waliobandikwa majina hayo, wameketi katika mabenchi haya haya, nao hawacheki. Tukirudi nyuma na kutazama, tukiwa tumeketi karibu na watoto wetu, tutaona mengi. Na tukiona, tuseme.

Jina la filamu ni Chama cha Kifungua Kinywa. Injili nayo ina kifungua kinywa chake. Katika Yohana mlango wa 21, wanafunzi saba wamevua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka, Bwana amesimama ufuoni, amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate, na anawaita waje wafungue kinywa. Tazameni ni akina nani walioitwa! Yumo Petro, aliyemkana Bwana mara tatu. Yumo Tomaso, aliyekataa kuamini. Yumo Nathanaeli, aliyeidharau Nazareti. Wamo na wana wa Zebedayo, waliotaka kuketi mahali pa mbele kuliko wenzao. Kila mmoja angeweza kuitwa kwa kosa lake mpaka leo. Bwana hakuwaandikisha insha ya kueleza wao ni nani. Aliwalisha.

Lakini haikuishia hapo. Walipokwisha kula, alimgeukia Petro akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila alipojibu alimkabidhi kazi: kuwalisha kondoo. Petro alikuwa amemkana Bwana karibu na moto wa makaa, na karibu na moto wa makaa alirudishiwa kazi yake. Hii ndiyo tofauti ya meza ya Bwana na maktaba ile. Bwana hatufungulii kinywa halafu akatuacha turudi kama tulivyokuja. Anatulisha ili Jumatatu tukawalishe wengine.

Mwezi wa Aprili 2025 waigizaji wale watano walikutana katika mkutano wa hadhara mjini Chicago. Ilitangazwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kwa wote watano kuwa pamoja namna hiyo baada ya miaka 40. Waliokuwa vijana sasa wana mvi. Tulifurahi kwa ajili yao. Lakini miaka 40 ni mingi mno kwa kanisa kungoja. Kuna ndugu ambaye usipomsalimu juma hili, hutampata tena.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ifanye mambo matatu. La kwanza: Jumapili ijayo utakapopewa mkono wa amani, mwulize mtu huyo jina lake, kisha katikati ya juma mtafute umsalimu kwa jina hilo. La pili: jioni moja zimeni redio na televisheni, mle pamoja na wote wanaolala chini ya paa lenu, pamoja na anayepika, na mumsikilize mtoto asemaye machache kuliko wote. La tatu: kila mmoja akumbuke jina moja baya alilombandika mwenzake, asilitamke tena; na kama yule mtu yu hai, aende kwake.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewaandalia rafiki zako chakula asubuhi walipokuwa wamechoka na wenye haya, utuite na sisi mezani pako. Utuondolee majina tuliyobandikwa, na yale tuliyowabandika wengine. Uwalinde vijana wetu katika saa ya giza, na utupe masikio ya kuwasikia. Na tunapotoka kanisani, uende pamoja nasi hata Jumatatu, ili tuwajue barabarani wale tuliowajua mbele ya altare yako. Unayeishi na kutawala milele. Amina.